Georgia ya Marekani: jimbo la mapichi linaloishi kwa kuku

Tuelewane kwanza: naizungumzia Georgia yenye jiji la Atlanta, si ile nchi ya Kaukasia yenye mji mkuu Tbilisi, jirani ya Urusi. Shangazi yangu wa Tanga bado hunipigia simu kunipa pole kila akisikia Urusi imetajwa kwenye taarifa ya habari. Haya hapa ni maneno ambayo watu huyasema kuhusu jimbo hili, na ukweli wake.

"Georgia ndiyo inayoongoza kwa mapichi"

Ukiangalia namba za magari yenye picha ya pichi, na mitaa chungu nzima ya Atlanta inayoitwa Peachtree (yaani mpichi), utaamini. Ukweli ni kwamba California inavuna mengi zaidi kwa mbali, na hata jirani mdogo, South Carolina, anaipita Georgia. Isitoshe, mpichi una ukaidi wake: usipopata saa za kutosha za baridi kali, hauchanui vizuri. Mwaka 2023 baridi ilikuwa haba, kisha Machi ikaja jalidi ikaunguza maua. Zaidi ya 90% ya mavuno ikapotea.

Pesa ya shamba hapa ni kuku. Kila mwaka jimbo linatoa kuku wa nyama zaidi ya bilioni 1. Mji wa Gainesville, unaojiita makao makuu ya kuku duniani, mwaka 1961 ulipitisha sheria ndogo ya kukataza kula kuku wa kukaanga kwa uma. Ilikuwa mbinu ya kujitangaza tu, ila kwa sisi tuliolelewa kula kwa mkono, hiyo ni sheria ya haki.

"Kusini mwa Marekani hakuna baridi"

Januari 2014 theluji ya sentimita chache ilitosha kuikwamisha Atlanta. Watu walilala ndani ya magari barabarani, watoto wakalala shuleni. Njoo na koti.

"Lilianzishwa na wafungwa wa madeni, na utumwa ulikuwepo tangu siku ya kwanza"

Yote mawili si kweli. James Oglethorpe, Mwingereza aliyeanzisha koloni hili, aliwahi kuwaza kuwasaidia Waingereza waliofungwa kwa madeni, lakini kundi alilolifikisha Savannah mwaka 1733 lilikuwa la mafundi, wachuuzi na watu wa hali ya chini, na waliotoka gerezani, kama walikuwepo, ni wa kuhesabu. Utumwa ulipigwa marufuku tangu 1735. Msidhani ni huruma tupu: Wahispania walikuwa Florida, na Waingereza walitaka mpakani wakulima wanaoweza kushika bunduki, si watumwa ambao wangetorokea kwa adui. Walowezi walilalamika wee, mpaka marufuku ikaondolewa mwaka 1751. Kufikia 1860 waliokuwa utumwani Georgia walizidi watu 460,000. Wengi wa pwani walilimishwa mpunga, kilimo ambacho baadhi yao walikijua tangu Afrika Magharibi. Wazao wao, Wagullah-Geechee, bado wapo kisiwani Sapelo.

"Karanga ni zao la Mzungu"

Hii ndiyo inayoniudhi. Jimmy Carter, mkulima wa karanga wa kijiji cha Plains aliyekuja kuwa rais, alizipa karanga za Georgia umaarufu, na kweli karibu nusu ya karanga za Marekani hutoka hapa. Lakini mmea wenyewe ni wa Amerika Kusini, Wareno wakaupeleka Afrika, na ulifika huku Kusini kwa njia ya meli za watumwa. Hata jina la wazee wa hapa, "goober", limetokana na neno la lugha ya Kikongo, *nguba*. Nenda Clarkston, mji mdogo kando ya Atlanta uliojaa wakimbizi, muulize mama yeyote kutoka Kongo anayesema Lingala karanga anaziitaje. Atakujibu nguba, na atashangaa kwa nini unauliza.

Ukishuka kusini mwa jimbo utaona kando ya barabara sufuria kubwa juu ya jiko la gesi na kibao kilichoandikwa kwa mkono. Ndani ni karanga mbichi na maganda yake, zimechemshwa kwa chumvi saa kadhaa. Unalifyonza ganda kwanza, maji ya chumvi yakitiririka hadi kiwikoni, ndipo unalipasua. Siku moja nilisimama hapo na mwenzangu wa kazini aliyetoka majimbo ya kaskazini. Alionja moja, akaitema, akasema imeoza. Nikanunua mifuko miwili, wangu na ule ambao ungekuwa wake.