Kwa nini Nairobi–New York ni saa 15, kurudi saa 14?

Kenya Airways ilipoanza kwenda New York moja kwa moja Oktoba 2018, ratiba ilisema saa 15 kwenda na saa 14 kurudi. Umbali kati ya viwanja vya Jomo Kenyatta na John F. Kennedy ni ule ule, kilomita 11,800 hivi kwa mstari mfupi kabisa, na ndege ni ile ile.

Jibu la vijiweni ni kwamba dunia inazunguka. Tatizo ni kwamba inazunguka kuelekea mashariki. Kama ndege ikishapaa ingeachwa nyuma na mzunguko huo, New York ingekuwa inaijia, na safari ya kwenda ndiyo ingekuwa fupi. Helikopta nayo ingepaa Nairobi, ikatulia palepale hewani kwa saa moja, kisha ikashukia misitu ya Kongo, maana kwenye ikweta ardhi hukimbia takriban kilomita 1,670 kwa saa.

Haiwi hivyo kwa sababu hewa huzunguka pamoja na ardhi, na ndege vilevile, tangu ikiwa imeegeshwa. Mtazame nzi ndani ya basi la Mombasa. Basi linakwenda kilomita 80 kwa saa, lakini nzi anaruka kutoka kiti cha nyuma hadi kwa dereva na kurudi kwa raha zake, wala habamizwi kwenye kioo cha nyuma. Hewa anayoruka ndani yake inasafiri na basi. Kinachomsumbua ni upepo wa humo humo ndani, abiria akianza kujipepea na gazeti.

Kwa ndege, upepo huo uko kilomita 9 hadi 12 juu, kwenye latitudo za Afrika Kaskazini na Atlantiki ambako njia hii hupita. Ni mikondo myembamba inayovuma kutoka magharibi, mara nyingi kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa, hivyo huipinga ndege ikienda New York na kuisukuma ikirudi. Chanzo chake ni tofauti ya joto kati ya ikweta na ncha ya dunia: hewa ya joto ikielekea kaskazini, mzunguko wa dunia huipindisha kwenda mashariki. Kwa hiyo mzunguko umo, ila umeingilia mlango wa uani.

Mjapani Wasaburo Ooishi aliupima upepo huu kwa maputo miaka ya 1920, akachapisha ripoti yake mwaka 1926 kwa Kiesperanto, lugha ya kubuniwa. Wachache sana waliisoma. Februari 2020, dhoruba ilipoukaza, ndege ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56. Kawaida ni zaidi ya saa 6.

Saa 15 na 14 ni za ratiba, zikiwemo dakika za kutambaa uwanjani, na upepo haufanani kila siku. Wala usidhani kilichopotea kwenda hulipwa chote kurudi. Hata upepo ukiwa na nguvu ile ile, ndege hukaa muda mrefu zaidi ikiupinga kuliko ikisukumwa nao, hivyo safari mbili kwa jumla huwa ndefu kuliko kama hewa ingetulia.