Martini drai si jini kavu

Mteja anaagiza martini drai (kokteli ya jini na vermuti, ule mvinyo wenye viungo), anaonja, glasi inarudi kaunta: "Bosi, mbona umechanganya? Mimi nimesema drai." Hapa Dar wengi wanaichukulia drai kama Konyagi ya kupiga kavu: hakuna soda, hakuna barafu. Jamani, ukitaka jini tupu, omba jini tupu. Hata bei inapungua.

Drai ni habari ya sukari. Sukari ya zabibu ikichachuka karibu yote ikawa kilevi, mvinyo huo ni drai. Ikibaki nyingi, unapata utamu kama wa Dompo. Martini nayo mwishoni mwa karne ya 19 ilitiwa vermuti nyekundu ya Italia, tamu. Watu walipohamia vermuti nyeupe ya Kifaransa, yenye sukari kidogo, ndipo ikawa martini drai. Baadaye wanywaji wakazidi kuipunguza hiyo vermuti, na leo "drai zaidi" maana yake ni vermuti kidogo zaidi. Kwa hiyo vermuti imo, na lazima iwemo.

Kosa la kudhani drai ni ukali linatoka hapo. Vermuti ina kilevi cha kama asilimia 18, jini 40. Ukipunguza ya kwanza, glasi inakuwa kali. Lakini sukari haizuii ukali: Port ni mvinyo mtamu na kilevi chake hufika asilimia 20.

Wanaoniambia vermuti ni mbaya huwa nawauliza wanaiweka wapi. Juu ya kabati, miezi sita, kwenye joto hili! Ule ni mvinyo. Ukishafungua, friji.

Eti jini ya London Dry lazima itoke London? Hapana, hata Dar ingetengenezwa. Jina hilo ni la utaratibu: ladha zote ziingie wakati wa kukeneka, na sheria ya Umoja wa Ulaya hairuhusu sukari kuzidi gramu 0.1 kwa lita.

Drai si uchungu pia. Tonic ni chungu kwa sababu ya kwinini, na bado imejaa sukari.

Ila ukisikia "drai sheki", hapo kweli ni habari ya barafu: tunatikisa kwanza bila barafu ili ute wa yai utoe povu. Usiniombe martini kwa mtindo huo, nitakupa ya uvuguvugu.