Kabla hujamlipa fundi apake "titani" kwenye simtanki lako

Malalamiko yameongezeka kuhusu mafundi wanaopita mitaani na "rangi ya titani", wanapaka ndani ya simtanki halafu wanamwambia mteja maji yatajisafisha yenyewe mpaka floridi (madini ya majini yanayoharibu meno yakizidi) iishe. Sisemi wote ni matapeli, wengine nao wameuziwa stori tu.

Teknolojia yenyewe ipo kweli. Wajapani Fujishima na Honda walionyesha mwaka 1972 kwamba titani dioksidi ikipigwa mwanga inaweza kutenganisha maji, na baadae watafiti wakaitumia kuvunjavunja rangi za viwanda vya nguo, viuatilifu, mabaki ya dawa na kuua bakteria pia, wanaipaka kwenye kioo au kauri ili wasihangaike kuchuja unga wake majini. Lakini inataka mwanga, tena sio wowote, ni urujuanimno (UV), ambao kwenye jua linalotufikia ni kama asilimia 5 tu. Sasa simtanki jeusi lenye mfuniko, mwanga unapitia wapi? Hilo swali naulizaga na sijawahi kujibiwa. Na maji yakiwa na tope ndio kabisa.

Halafu kuna wanaonunua rangi nyeupe ya ukuta kwa sababu wamesikia ina titani. Ni kweli inayo, ila chembe zake kiwandani zinafunikwa kwa silika au alumina makusudi ili zisifanye hiyo kazi, maana zikiachwa wazi juani zinaila rangi yenyewe mpaka ukuta unaanza kutoa unga. Yaani kiwanda kimelipa hela kuizima, wewe unaipaka kwenye maji ya kunywa ukitegemea iwake!

Floridi nayo haivunjiki kwa mwanga, ni ioni ya elementi moja tu, florini, utaivunja iwe nini? Ndugu zetu wa Arusha na Meru, hiyo inatolewa kwa njia kama mkaa wa mifupa, pale Ngurdoto kazi hiyo imefanyika miaka mingi. Na kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floridi inabaki.

Sasa utaratibu, na tafadhali usomwe. Kifaa chochote cha kusafishia maji ulizia cheti cha TBS (Shirika la Viwango Tanzania), sio stika tu, maana kutumia alama ya ubora bila kibali ni kosa na mzigo unaweza kuzuiliwa, kuteketezwa au kurudishwa ulikotoka kwa gharama za mwenye mzigo, na kesi juu. Ukitaka kupimiwa bakteria chukua chupa iliyotakaswa kutoka maabara, usiisuuze, usiguse mdomo wa chupa wala ndani ya kifuniko, usijaze pomoni, iweke kwenye barafu na ifike siku hiyohiyo. Sampuli iliyopitisha saa 24 sisi wa maabara tunaikataa, hata ukisema umetoka mbali. Ya floridi inatosha chupa safi ya plastiki, ya kioo hapana. Na kama simtanki limeshapakwa mwambie mpokeaji wa sampuli mapema na uje na kopo la hiyo rangi, vipimo vinabadilika hapo.