Ukitoa Skrini Hupati Jukwaa

Hili la kugeuza sinema kuwa ukumbi wa maigizo tulimalize leo, maana limeulizwa mara ya kumi. Sinema ya zamani si ukumbi wa maigizo uliosahauliwa. Kila jumba la filamu likifungwa hapa Mombasa, likawa duka, kanisa au ghala, hakosi muungwana wa kusema: "Toeni skrini tu, jukwaa liko nyuma." Haliko. Nyuma ya skrini pana spika, vumbi na ukuta.

Spika zenyewe ndizo sababu. Skrini ya filamu za sauti imetobolewa matundu madogo madogo ili sauti ipite, na spika husimama nyuma yake. Zinataka mita moja na nusu, mbili zikizidi. Aliyenunua kiwanja cha mjini kwa bei ya mjini angejenga mita nane zaidi za nini?

Wabishi hunitolea mfano wa Chicago Theatre ya Marekani. Sawa, ila hesabuni miaka. Jumba lile lilifunguliwa 1921, zama za filamu bubu, tiketi moja ikikupa filamu, bendi na wasanii jukwaani. Jukwaa lilijengwa tangu mwanzo, kwa hiyo lilipofunguliwa upya 1986 halikuwa la kubuniwa. Sauti ilipoingia kwenye filamu kuanzia 1927, wenye majumba wakaona wasanii wa jukwaani ni gharama ya bure, na majumba mengi mapya yakajengwa bila nafasi yao. Basi kabla ya kunitajia sinema za zamani kama Regal, Majestic au Naaz kwa majonzi, niambie kwanza jumba lilijengwa kwa kazi gani na likabomolewa wapi baadaye. Kuta zinasema.

Anzia nje, barabarani, uangalie paa. Ukumbi wa kupandisha mandhari (mapazia na picha za nyuma ya waigizaji) huwa na mnara juu ya jukwaa, kimo chake kama mara mbili na nusu ya kimo cha uwazi wa mbele, ule ambao watazamaji huona jukwaa kupitia kwake. Uwazi wa kimo cha mita 6 unataka mnara wa mita 15. Paa likienda sawasawa kutoka mlangoni hadi mwisho, mnara haupo, usipoteze nauli. (Hiyo mbili na nusu ni ya vitabuni. Kwa ukumbi mdogo nadhani mbili zinatosha ikiwa mapazia yatakunjwa, ingawa singeapa.)

Halafu fremu inayouzunguka uwazi huo. CinemaScope, mfumo wa picha pana, ilipokuja 1953, picha iliyokuwa na upana wa 1.37 kwa kimo cha 1 ilitanuka kupita 2.3 kwa 1. Mwenye ukumbi mwembamba alikuwa na njia tatu: apunguze kimo cha picha, atundike skrini mpya mbele ya fremu, au aivunje fremu. Ukikuta maua ya plasta yamekatwa katikati nyuma ya pazia, ujue ni nyundo ya miaka hiyo. Usitundike taa hapo mpaka injinia aikague boriti ya juu, kwani huenda nayo ilichongwa.

Chumba cha mashine nakipitia haraka: matundu manne ukutani maana yake mashine mbili, kila moja na tundu la kurushia picha na la kuchungulia. Roli ya futi 2,000 ilikwenda dakika 22 tu, ikabidi kupokezana. Vile vifuniko vya chuma vya matundu ni vya kuzuia moto, kwa sababu filamu za naitreti, zile za zamani zinazowaka upesi, zikishika hazizimiki kwa kunyimwa hewa. Msivibomoe kwa kutafuta urembo.

Sasa sakafu, ambayo hakuna anayetaka kuisikia. Watu huona mteremko wakafurahi. Mteremko wa nini? Skrini huanza juu ya vichwa vya watu, kwa hiyo mchoraji hakujali kama wa safu ya kumi anaiona miguu ya mtu. Mwigizaji akisimama, mtamwona kuanzia kiunoni. Akianguka kufa, ametoweka, na nusu ya ukumbi itauliza kaenda wapi. Pima hivi: kaa safu ya kumi, mwenzako akae mbele yako, wa tatu aweke kofia chini pale jukwaa litakapokuwa. Kofia isipoonekana, mna kazi ya kuinua jukwaa au kujenga sakafu upya, na ukiinua sana, safu ya kwanza itaangalia viatu.

Sauti nayo ina ukaidi wake. Filamu huja na mwangwi wake ndani, ndiyo maana kuta za sinema huvishwa vitambaa na mbao laini. Chukua ukumbi wa mita 20 kwa 15 kwa 8: mita za ujazo 2,400. Zidisha kwa 0.161, ugawe kwa ufyonzaji (jinsi kuta, viti na watu wanavyomeza sauti), upate sekunde ambazo sauti huchukua kufifia. Ufyonzaji wa 640 unatoa sekunde 0.6, na sauti ya mwigizaji asiye na maikrofoni inafia safu ya saba. Maneno yanataka kama sekunde 1. Lakini majumba mengi yameshang'olewa vitambaa na kutiwa vigae, ufyonzaji ukashuka hadi 100, na hapo ni karibu sekunde 4, kama kusemea kisimani. Fomula hii hudanganya penye ufyonzaji mwingi. Piga kofi usikilize pia.

Na hewa ya bahari. Kamba ya katani ikilowa hufupika. Pazia ulilolisawazisha Februari litapanda lenyewe masika. Waya wa chuma huoza kutoka ndani huku grisi ikiung'arisha nje. Kata kipande ufumue nyuzi.

Kama mnao huo ukumbi na hela ni chache, fanyeni taarabu. Wapigaji wanakaa, mwimbaji ana maikrofoni, hakuna mandhari ya kupandisha, na kuta zilizovishwa hapo ni faida. Jengeni ulingo wa kina cha mita 4 na kimo cha sentimita 90 mbele ya skrini. Mtapoteza safu nne. Angalieni usizibe milango ya dharura iliyo kando ya skrini, maana ndiyo wanayoisahau.