Je, Wajua Kwa Nini Mafuta Yakimwagika Baharini Mikoko Ndiyo Huumia Zaidi?

Shuka Chongoleani, kaskazini mwa mji wa Tanga, maji yakiwa yamekupwa. Chini ya miti ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, utaona vijiti tele vimechomoza matopeni, vimesimama wima kama penseli. Hiyo ni mizizi, na kazi yake ni kupumua. Tope la mikokoni halina hewa, kwa hiyo mchu huivuta juu, kupitia vitundu vidogo vya vijiti hivyo.

Mafuta ghafi yakifika, vitundu huziba. Mti hupukutisha majani, kisha hufa.

Bahari wazi ina msaada wake: jua, mawimbi na bakteria huyapunguza mafuta kidogo kidogo. Mikokoni hakuna wimbi la maana, na bakteria wanaokula mafuta hawaendi mbali pasipo hewa. Maji ya bamvua, yanayojaa kupita kawaida, huyapeleka mafuta mpaka ndani kabisa ya msitu. Yakikupwa, mafuta hubaki na kuzama kwenye mashimo ya kaa. Huko Panama, mwaka 1986, tangi la kiwanda cha kusafishia mafuta lilipasuka kando ya Bahía Las Minas. Miaka mitano baadaye matope ya mikokoni yalikuwa bado yakivuja mafuta.

Ndiyo maana kuuliza "yamemwagika mapipa mangapi?" hakutoshi. Mtambo wa kuchimbia mafuta wa Deepwater Horizon, Ghuba ya Mexico, ulilipuka mwaka 2010, ukaua watu 11, na kisima chake kikavuja siku 87. Lakini meli ya Wakashio, iliyopanda mwamba Mauritius Julai 2020, haikuwa na shehena yoyote. Tani 1,000 hivi za mafuta ya kuendeshea injini yake zilitosha kuichafua mikoko.

Sisi Tanga tunahusika hapo. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, na kutoka hapo mafuta ni ya kubebwa na meli. Msimu wa kusi, upepo na mkondo huelekea kaskazini, kwenye mikoko ya Mkinga, wanakozalia kamba na samaki.

Faida zipo, na sizidharau. Gesi ya Songo Songo, Kilwa, inazalisha umeme Dar es Salaam tangu 2004. Nayo ikivuja hupanda hewani, haizibi mizizi, ingawa huongeza joto la dunia. Kwa hiyo gesi na mafuta, kwangu, havipimwi kwa mizani moja.

Ninachokitaka ni vizuizi vinavyoelea viwe tayari kwenye midomo ya vijito kabla meli haijafunga kamba. Mafuta yakishaingia mikokoni, hata wasafishaji huumiza: wakikanyaga tope, huvunja vile vijiti na kuyashindilia mafuta chini zaidi.