Ati "graundi ni graundi"?

Wiki jana kijana mmoja amekuja kwangu na bodi nyekundu ya saketi, safi kabisa, imetoka Shenzhen na ameisubiri zaidi ya wiki tatu. Ni bodi ya kupima maji kwenye tanki la ploti na kutuma esemesi yakipungua, na kwa mtaa ambao maji huja siku mbili kwa wiki hiyo kitu si ya mchezo. Shida ni kwamba kila moduli ya GSM, kile kipande cha simu, ikituma esemesi, tanki linasoma limejaa. Maji yanapanda mpaka sentimita sita halafu yanashuka, na hakuna mtu amegusa mfereji. SIM800L, ndiyo hiyo moduli, imeongea tu na busta, ule mnara wa simu.

"Mkubwa, hii moduli ni feki, waliniuzia takataka kule maduka ya Luthuli, Nairobi." Alikuwa ashabadilisha mbili. Nikamwambia fungua KiCad, ile programu ya kuchora bodi, nione graundi yako, ile shaba ambayo stima hupitia kurudi kwa betri. Akacheka kidogo, kile kicheko cha heshima unachompa mzee aliyepotea njia. "Graundi iko poa, nimejaza shaba juu na chini, ukaguzi wa DRC hauna kosa hata moja. Kwani si graundi ni graundi?"

Hapo ndipo nilipotaka kuweka kikombe chini. Hayo maneno nimeyasikia mwaka huu kutoka kwa wanafunzi, kutoka kwa watu wenye kampuni, hata kutoka kwa jamaa anayedizaini chaja za pikipiki za umeme, ambaye kwa ampea anazocheza nazo alipaswa kujua. Sasa naandika mara moja, akija mwingine namtumia linki.

DRC inaangalia kama shaba imegusana pale inapofaa kugusana na imeachana pale inapofaa kuachana, basi. Vipande viwili vya graundi vikishikiliwa na kauzi ka milimita 0.2, kwake vimeungana, twende kazi. Haijui ni ampea ngapi zitapita hapo. Na ile pembetatu ya graundi kwenye skematiki ni uongo tumekubaliana ili karatasi isijae mistari. Kwenye bodi hakuna pembetatu, kuna shaba, na shaba ina upinzani.

Hebu tupige hesabu. Shaba ya aunsi moja ina unene wa mikromita 35 hivi, na mraba mmoja wake, uwe mkubwa uwe mdogo, ni kama miliomu 0.5. Kijana alikuwa amepitisha laini za betri na za sensa katikati ya leya ya chini, yaani tabaka la shaba la upande wa chini, huku juu kumejaa vitu, kwa hivyo graundi yake yote ikabaki inapita kwenye shingo moja ya milimita 0.5 kwa urefu wa milimita 30. Hiyo ni miraba 60, yaani miliomu 30. Upande huu wa shingo kuna modemu (ile moduli ya GSM) na sensa, upande ule kuna betri na mikrokontrola, ubongo wa bodi. Na GSM haivuti stima polepole, inavuta kwa mapigo, kila milisekunde 4.6 pigo moja la mikrosekunde 577 (ndiyo ile trrr-tit-tit unasikia kwenye redio simu ikiwa karibu), na pigo moja linaweza kufika ampea 2. Ampea 2 mara miliomu 30, milivolti 60. Sensa yake inatoa milivolti 1 kwa kila milimita ya maji. ADC, kile kinachogeuza volti kuwa namba, ikisoma katikati ya pigo, graundi ya sensa imeinuliwa milivolti 60 na tanki limeongezeka sentimita sita. Moduli haikuwa feki bana, duka la watu limetukanwa bure.

Nilikwangua rangi pande zote mbili za shingo, nikachomelea kipande cha waya wa stima hapo juu, namba zikatulia. Kijana akanyamaza muda mrefu.

Sasa kuna ile ya shule, ati stima hufuata njia yenye upinzani mdogo. Hapana. Hufuata njia zote, inagawana tu kulingana na upinzani wa kila moja. Na hiyo ni kwa mambo ya polepole. Ukipanda masafa, kuanzia makumi ya kilohezi kwenda mamia, kinachoamua si upinzani tena, ni indaktansi, ule ukaidi wa njia dhidi ya stima inayobadilika, na stima ya kurudi inajikusanya chini ya laini iliyoipeleka, kama kivuli. Ukikata pleni, ile shaba pana ya graundi, na mtaro halafu ukavusha laini ya data ya SPI juu ya huo mtaro, kivuli kinalazimika kuzunguka, na huo mzunguko ndio antena ambayo hukuomba. Ndiyo maana kazi ikiwa ngumu kidogo mimi huenda leya nne, ya pili yote graundi, na mtu asiipitishie laini hata moja. Hata moja! Ukiona umebanwa, sogeza vipengele.

Kuhusu kugawa graundi ya analogi na ya dijitali sitakudanganya. Zamani niligawa kila bodi kwa sababu datashiti zilisema, siku hizi sigawi, naacha pleni moja na natenga vipengele kwa nafasi, lakini kuna bodi moja ya mizani niliyoigawa ikatulia kabisa, na nilipojaribu kuiunganisha ikawa na kelele. Mpaka leo sijui ni kwa nini, nimeshaichora mara tatu. Na zile kapasita za nanofaradi 100 kwa kila pini mimi pia naziweka kama mtu anayesali, ila ukweli ni kwamba umbali mpaka pini na via ya graundi (kitundu kinachounganisha leya) unasumbua kuliko hiyo namba.

Mengine haraka haraka, maana haya yako kila mahali. Chapisha bodi kwa karatasi saizi halisi, asilimia 100, mwambie mtu wa saiba asiipunguze ienee, halafu weka vipengele juu yake kabla hujalipa. Vipengele viwili vya umbo la SOT-23 havimaanishi pini zinafanana. AMS1117, ile regyuleta ya volti, inataka zaidi ya volti 1 ya kupoteza, kwa hivyo haitakupa 3.3 kutoka betri ya 3.7, wacha kubishana nayo. Na chini ya antena ya WiFi ya ESP32 usiweke shaba.

Kabla ya kutuma faili za Gerber, zile za kiwanda, zima leya zote ubaki na graundi, weka kidole kwa modemu na ukitembeze mpaka betri bila kukiinua. Mahali kidole kinabanwa, ampea 2 pia zitabanwa.

Kijana amechora upya. Bodi mpya iko njiani, na kwa sasa ile ya waya ndiyo iko juu ya paa inasoma tanki.