Kutafakari si Kufuta Mawazo

Neno lenyewe linatuchanganya. Tukisema mtu anatafakari, tunamwona kashika tama, anawaza jambo zito. Zoezi tunalofundisha kwenye kliniki ya afya ya akili hapa Mtwara lina jina hilohilo, lakini halimtaki mtu awaze jambo. Linamtaka atulie, aisikilize pumzi yake, na akigundua akili imeondoka, airudishe.

Hapo kwenye kurudisha ndipo wengi wanapokata tamaa. Msimu wa korosho mkulima keshapeleka mzigo ghalani, mnada umepita, anasubiri malipo na usingizi hauji. Namfundisha zoezi, wiki inayofuata anarudi mnyonge: "Daktari, mimi nimeshindwa. Nikifumba macho naona magunia tu." Namuuliza alirudi kwenye pumzi mara ngapi. "Ah, mara nyingi, lakini yakaja tena." Basi baba, hujashindwa. Kila uliporudi ndipo ulipofanya zoezi. Akili kazi yake kuwaza, kama moyo ulivyo kazi yake kudunda, na hakuna anayekaa akabaki na kichwa kitupu. Kinachobadilika kwa mazoezi ni kwamba wazo likija unaliona mapema, kabla halijakuburuta mpaka usiku wa manane.

Si lazima kukunja miguu. Kaa kwenye kiti, mkeka au kibaraza. Vuta pumzi puani, kisha itoe polepole, kwa muda mrefu kuliko ulioivutia. Mapigo ya moyo hupungua kasi mtu anapotoa pumzi. Dakika 5 kwa siku zinatosha kuanzia.

Naulizwa sana, na ni haki kuuliza, kama hii si ibada ya watu wengine. Mizizi ya mazoezi mengi ya aina hii iko kwa Wabudha na Wahindu, sitalificha hilo. Lakini programu iliyoyaingiza hospitalini ilianzishwa mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu sugu. Ni ya wiki 8, na haina sala ndani yake. Dhikri ni ibada, na ukimya wa watawa wa Ndanda ni ibada. Hili ni zoezi tu, wala halimwondoi mtu msikitini au kanisani.

Linalonitia hofu ni jingine: video za kwenye simu zinazodai kutafakari kunaponya presha na kisukari. Kunapunguza wasiwasi, na kwa baadhi ya watu hushusha presha kidogo. Vidonge havibadilishwi na pumzi. Presha mara nyingi haiumi, kwa hiyo mtu akijisikia mtulivu anaona amepona, anaacha dawa, na kiharusi kinamkuta hivyo.

Tena zoezi hili halimfai kila mtu kila wakati. Aliyefanyiwa ukatili, au aliyenusurika chombo kilipozama baharini, akifumba macho anaweza kurejeshwa palepale. Huyo afumbue macho, akanyage ardhi vizuri, aache, aje tuzungumze. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii asianze peke yake. Na anayesema amechoka kuishi msimpe zoezi la pumzi. Msimwache peke yake, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo.